Taa za Nyuma za Chengo

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mvi sina hata moja, lakini kazi nimeiacha: Mama amenipokonya spana, akanipa kitabu cha Kemia, na akasema mpaka mtihani wa Fomu Foo upite asinione nimeshika kitu chenye grisi. Basi nyinyi wadogo zangu mnaohesabu siku za likizo ili mje gereji yetu hapa Mtopanga, mkidhani mtakabidhiwa pikipiki mzunguke nazo mtaa mzima, hebu ketini kwanza. Nimeifanya kazi hii likizo sita na Jumamosi zote zilizokuwa katikati. Nimeungua ekzosi mguu wa kulia, na nilipopona nikaungua palepale. Nina haki ya kusimulia kama mstaafu mwengine yeyote, na nyinyi mna wajibu wa kusikiliza kwa adabu huku mkijifanya hamjachoka.

Mjue kwanza gereji ni ya nani. Mtu mgeni akifika huuliza fundi yuko wapi, na wakati huo Mama amesimama mbele yake, mikono myeusi hadi viwikoni, mtandio umefungwa nyuma usije ukaingia kwenye cheni. Mama alizaliwa Likoni, akajifunza ufundi kwa kakake, na kakake alipokwenda Uarabuni kutafuta maisha, vyombo vilibaki kwa aliyekuwa akivijua zaidi. Wateja wengine mwanzoni walikuwa wakinihutubia mimi, au wakilihutubia gurudumu, lolote lile ila yeye. Mama huwaacha waseme mpaka waishiwe, kisha huwatajia ugonjwa wa pikipiki yao kabla hajaigusa. Siku ya pili huja na shikamoo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la oili. Niliambiwa nipime oili ya pikipiki ya mwalimu mmoja. Nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakitazama: kikavu. Nikamimina. Nikapima tena: bado. Nikamimina tena. Kumbe pikipiki ilikuwa imelalia stendi ya upande, imeinama kama mtu anayesikiliza umbea, na oili yote imekimbilia upande wa pili wa injini. Mwalimu alipoiwasha, ulitoka moshi hata jirani yetu akakusanya watoto wake ndani akidhani serikali imekuja kupulizia mbu. Mama hakunigombeza. Alinipa karai nikae chini ya ile injini niitoe oili ya ziada, na kila nikijaza kikombe nimpelekee mwalimu akione. Vilikuwa vikombe vitatu. Kwa hivyo shikeni hili: pikipiki husimamishwa wima, pahali palipo sawa, injini imezimwa na kupumzika dakika chache, ndipo kijiti kinasema kweli.

Cheni nayo msiikaze kwa hasira. Iguseni katikati kwa kidole, isukumeni juu na chini. Ikicheza kiasi cha upana wa vidole viwili, iacheni na maisha yake. Ikilegea zaidi itaruka, ikikazwa kupita kiasi itakula meno ya sproketi, na mwenye pikipiki atarudi kukutafuta ukiwa unakula. Wateja wabaya hurudi wakati wa chakula siku zote, sijui wanatumiwa ujumbe na nani.

Lakini adui mkubwa wa pikipiki za huku kwetu ni hewa. Hewa hii hii mnayoivuta bure. Ina chumvi, na chumvi huingia kwenye viungo vya waya taratibu, na shaba ikageuka kijani. Kwa nje waya ni mzima, umevaa nguo yake ya plastiki, unapendeza. Ndani umeoza. Ndiyo maana nusu ya kazi ya gereji yetu ni taa, na nusu ya kazi ya taa ni indiketa.

Nitawaeleza indiketa mara moja tu, maana mimi ni mstaafu, sina pumzi. Moto hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, hupita kidude kinachoitwa flasha, ambacho ndicho kinachofanya taa iwake na kuzima na kutoa ile sauti ya tiki, tiki, tiki. Kisha hupita swichi ya kidole gumba, hufika kwenye balbu, na baada ya hapo lazima upate njia ya kurudi kwenye betri. Njia hiyo ya kurudi sisi tunaiita athi, na ndiyo watu wanayoisahau. Zikifa taa zote nne, anza na fyuzi na flasha. Zikifa ukikunja usukani tu, tafuta waya uliochoka pale shingoni. Zikifa mvua ikinyesha, kuna kiungo kinachokunywa maji. Safisha kwa msasa mpaka shaba ing'ae, funga vizuri, paka grisi kidogo. Na ile tiki-tiki ikienda mbio kuliko kawaida, jua kuna taa ya upande huo ambayo moto haufiki.

Hilo la mwisho nililijua. Mama alinifundisha likizo ya kwanza. Nakwambieni nililijua, ili mfahamu kwamba yale niliyomfanyia Chengo hayakutokana na ujinga. Yalitokana na mdomo.

Chengo ni bodaboda wa steji ya hapa karibu. Ametoka huko ndani Kilifi, ana mke na watoto wawili, na ni mpole kiasi kwamba mbuzi akimkatia njia yeye ndiye huomba radhi. Pikipiki si yake, ni ya Mzee Athumani. Kazi ya kwanza ya kila asubuhi ni kumpeleka mke wa Mzee Athumani soko la Kongowea, na baada ya hapo Chengo hubeba watoto wa shule. Mke mwenyewe mnamjua: Bi Mwanakombo, yule wa viazi vya rojo mkabala na geti letu la shule. Ni mama mwenye mwili wake na haiba yake, na akikuuliza swali unajikuta umesimama wima.

Sasa, wiki moja tu, mara tatu, Chengo akikunja kulia kuingia sokoni na Bi Mwanakombo nyuma yake, gari lililowafuata lilifunga breki kwa ghafla na kupiga honi ndefu. Mara ya tatu lilikuwa lori la simiti, na lilisimama karibu mno hata Bi Mwanakombo asema alihisi joto la injini mgongoni. Dereva alishuka, akasema mbele ya watu kwamba pikipiki ile haikuwasha taa. Chengo akasema amewasha. Akaonyesha swichi, kweli iko kulia. Lakini kila mtu akafikiri ameisukuma baada ya kusikia honi, na Bi Mwanakombo mwenyewe akasema stejini kwamba kijana huyu hawashi taa.

Mzee Athumani aliichukua pikipiki, akaikalia peke yake uani kwake, akawasha kulia, akawasha kushoto. Taa zikakonyeza zote nne. Akaipeleka kwa fundi mmoja, kisha kwa mwengine. Taa nzima. Mwisho akaileta kwetu, na siku hiyo Mama alikuwa Likoni matangani, kwa hivyo fundi mkuu nilikuwa mimi.

Wallahi nilijipa cheo kwelikweli. Niliisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, nikawasha kulia, nikawasha kushoto. Nikakunja usukani huku na huku. Nikamwagia maji. Nikapiga makofi kwenye madigadi kama mtu anayemwamsha punda. Taa zinakonyeza tu. Chengo alikuwa amesimama pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku nyengine ile sauti ya flasha huenda mbio.

Nikamjibu kwamba hata moyo wake huenda mbio akiona lori.

Mzee Athumani akacheka. Na mimi mtu akiucheka utani wangu nakuwa kama nimetiwa petroli. Nikamwambia Mzee taa ziko sawa, hazina ugonjwa wowote. Kisha jioni, nikipita stejini, wakaniuliza nimeona nini kwenye pikipiki ya Chengo, nikawaambia pikipiki ni nzima. Tatizo ni kwamba Chengo hawashi kwa kidole, hutia nia tu moyoni, kama mtu anayenuia kufunga saumu.

Steji nzima ilianguka kwa kicheko. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Kesho yake, kila Chengo akipita, mtu alimuuliza: umetia nia? Akienda kushoto wanamuuliza, akienda kulia wanamuuliza. Siku mbili baadaye swali lilikuwa limefika mpaka kwa mama zao wale watoto wa shule. Mmoja akamwambia Chengo kwa upole kwamba mwanawe ataenda kwa miguu kwanza. Wa pili hakumwambia kitu, akatafuta bodaboda mwengine. Na Alhamisi Mzee Athumani, ambaye angeweza kuvumilia lori lakini hakuweza kuvumilia kuchekwa kwa sababu ya pikipiki yake, akamwambia Chengo kwamba Jumamosi adhuhuri anataka ufunguo wake.

Hayo yote niliyasikia kwa vipande vipande, na kila kipande nilijiambia ni utani tu, utapita. Nyinyi mnaopenda kuchekesha watu, na nawajua kwa majina, hapa ndipo pa kusikiliza. Utani wenyewe haukuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba ulitoka kwa mtu aliyeitwa fundi. Kama angeusema muuza maji, ungekuwa mzaha. Nilipousema mimi, ulikuwa ripoti.

Mama alirudi Ijumaa. Hakuvua hata buibui. Alikwisha kupata habari kwenye njia, maana Mtopanga habari haingoji ufike nyumbani.

"Ulimuuliza nini Chengo?"

Nikamwambia niliziangalia taa, ziko sawa.

"Sikukuuliza taa. Nakuuliza, yule mwenye kuendesha, ulimuuliza nini?"

Mama akanituma nikamwite. Chengo alikuja akakaa juu ya tairi kuukuu, Mama akampa maji kwanza, akangoja anywe. Kisha akaanza kumuuliza kama daktari. Ukiwa peke yako, watu hukupigia honi? La. Ukibeba watoto wa shule? La. Ukibeba abiria wa njiani? La, si kawaida. Basi ni lini? Chengo akatazama viatu vyake. Mama akangoja. Mimi nilikuwa nafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mama Zuhura," akasema mwisho, akimwita Mama kwa jina langu, "ningesemaje? Kwamba mke wa mwenye pikipiki ndiye anayezima taa?"

Alikuwa akijua. Si sababu, lakini alikuwa amegundua kwamba ni Bi Mwanakombo peke yake, na ni yeye akiwa nyuma ndipo ile tiki-tiki huenda mbio. Taa ndogo ya mbele yake kwenye usukani ilikuwa ikiwaka, kwa hivyo aliamini amewasha, na kweli alikuwa amewasha. Lakini mtu amwambie nini Mzee Athumani? Mke wako ni mzito? Aliona afadhali aitwe mwongo.

Mama akanigeukia. Hakupandisha sauti, Mama akikasirika husema polepole zaidi.

"Alikwambia sauti huenda mbio."

"Abee, alisema."

"Na maana yake unaijua."

"Naijua."

"Basi kesho asubuhi wewe ndiye utakayeutafuta huo ugonjwa, na mimi nitakushikia taa."

Jumamosi tuliamkia pikipiki ya Chengo. Mpango ulikuwa mwepesi: kama ni uzito, tuweke uzito. Duka la vifaa vya ujenzi lililo jirani yetu lilituazima mifuko miwili ya simiti, kila mmoja kilo hamsini, kwa sharti isipasuke. Mama alikataza mtu yeyote kutaja hesabu kwa sauti. Tukaipandisha mifuko juu ya kiti, mmoja juu ya mwengine, tukaifunga kwa mipira ya tyubu. Chengo akakaa mbele. Na mimi, kwa kuwa shetani wangu huamka mapema, nikaona kazi ya kitaalamu inataka uhalisi, nikachukua leso ya Mama nikaifunika ile mifuko vizuri, mpaka kwenye mabega.

Chengo akawasha kulia. Tiki, tiki, tiki, polepole kama kawaida. Taa za nyuma zinakonyeza. Akawasha kushoto: vilevile. Tukaitikisa. Nikaikalia na mimi kidogo kwa juu. Chengo akaiendesha mpaka kwenye shimo la barabara na kurudi, leso inapepea. Taa nzima. Saa tano ikapita, saa sita ikakaribia. Chengo alikwisha kuutoa ufunguo wa pikipiki kwenye kishikio chake cha ngozi, akakitia kishikio mfukoni, kwa kuwa kishikio kilikuwa chake na ufunguo haukuwa.

Hapo ndipo walipofika. Mzee Athumani mbele, Bi Mwanakombo nyuma na mwavuli wake. Salamu zikasalimiwa, shikamoo zikajibiwa moja moja, hali za nyumbani, hali za matangani. Kisha Bi Mwanakombo akaitazama pikipiki.

"Huyo aliyepakiwa ni nani?"

Mzee Athumani akawa na shughuli kubwa na kifungo cha kanzu yake.

"Mishi, nakuuliza, huyo mwenye leso ni nani?" akamgeukia Mama kwa jina lake.

Mama akanitazama mimi. Chengo akanitazama mimi. Hata mifuko ilinitazama.

"Ni wewe, Bi," nikasema.

Nilijua ndio mwisho wangu. Bi Mwanakombo aliukunja mwavuli, akaizunguka pikipiki taratibu, akaishika leso kwa ncha za vidole, akaichungulia simiti iliyo ndani. Kisha akasimama nyuma, akaitazama ile sura niliyoiunda, kichwa ameinamisha upande kama fundi wa cherehani anayekagua nguo ya mwenzake.

"Huyu si mimi," akasema. "Huyu amekaa kama mwanamume. Mimi hukaa upande."

Mama alikuwa ameshika testa ya kupimia moto. Akaiweka chini.

Sikilizeni, maana hapa ndipo mafundi watatu walipopigwa chenga. Mwanamke mwenye buibui hawezi kupanda pikipiki kwa kutanua miguu. Hukaa upande, miguu yote kushoto. Tunaliona kila siku, tumelizoea mpaka halionekani. Na akikaa hivyo, uzito wake hauteremki katikati ya kiti kama mfuko wa simiti. Unaegemea ukingo wa kushoto. Watoto wa shule hukaa kwa kutanua, na wale abiria wengine wa kukaa upande walikuwa wepesi. Bi Mwanakombo peke yake ndiye aliyekuwa na vyote viwili, mkao na uzito. Mzee aliijaribu pikipiki peke yake. Mafundi waliijaribu ikiwa tupu. Mimi niliijaribu kwa makofi.

Hakuna aliyethubutu kumwomba. Wala Bi hakungoja aombwe. Alivua ndara zake, akampa mumewe azishike, na mifuko ilipoteremshwa akapanda kwa namna yake, miguu kushoto, mkono mmoja begani kwa Chengo, buibui limepangwa vizuri magotini.

"Haya, washa."

Chengo akawasha kulia. Tiki-tiki-tiki-tiki-tiki, mbio kama cherehani. Taa ya mbele inakonyeza. Nilikimbia nyuma. Giza. Nikamwambia awashe kushoto. Mbele inakonyeza mbio, nyuma giza. Mzee Athumani akaja na ndara mkononi, akainama, akatazama, akainuka, akainama tena.

"Usishuke, Bi," nikasema. Nikalala chini kwenye vumbi, nikapitisha mkono chini ya kiti. Kiti kile kilikuwa kimerefushwa kwa kuchomelewa chuma, kama vilivyo viti vingi vya bodaboda wetu, ili kibebe watu wawili nyuma. Fundi wa kuchomelea alifanya kazi nzuri, ila hakuuliza waya unapita wapi. Waya wa athi wa taa za nyuma, ule mmoja unaorudisha moto wa zote mbili, ulipita katikati ya kile chuma na kibao cha kiti, upande wa kushoto. Niliusikia kwa kidole: Bi akikaa, unakunjwa kama karatasi. Akiinuka, unanyooka. Nikaubana mahali penye mkunjo nikauvuta kidogo, na ngozi yake ya plastiki ikarefuka kama mpira wa kutafuna. Ndani hamkuwa na shaba iliyoshikana.

Tukampa Bi kiti cha kawaida na maji baridi, tukafungua. Nilipouchana ule waya, ulikuwa kijani, nyuzi zote zimekatika, zinagusana ncha kwa ncha tu. Pikipiki ikiwa tupu ziligusana, taa zikawaka. Alipokaa Bi ziliachana. Nilikata nyuma mpaka nikaipata shaba nyekundu yenye kung'aa, nikaunganisha kipande kipya, nikatia lehemu, nikafunga tepu, nikaupitisha waya mbali na kile chuma, na juu yake nikauvisha kipande cha tyubu kuukuu usije ukasuguliwa tena. Mama alinishikia taa, kama alivyosema. Mkono wake haukugusa hata skrubu moja. Bi Mwanakombo akapanda tena, akajitikisa kwa makusudi, na taa zikakonyeza polepole, mbele na nyuma, huku na huku.

Mzee Athumani akauchomoa ufunguo pikipikini, akamnyooshea Chengo, akamwambia kazi na iendelee, yameisha.

Chengo hakuupokea. Nilidhani hakusikia.

"Nitauchukua, Mzee," akasema. "Lakini mimi stejini naitwa mwongo."

Mzee akakohoa, akasema atawaambia watu, inshallah, akipata nafasi. Bi Mwanakombo alikuwa bado juu ya pikipiki.

"Wewe hukusema kitu stejini," akamwambia mumewe. "Niliyesema hawashi taa ni mimi. Twende."

"Na mimi," nikasema. "Ile ya kutia nia, ni mimi, Bi."

"Najua ni wewe," akasema Bi Mwanakombo. "Nani mwengine?"

Chengo akauchukua ufunguo, tukaenda. Chengo na Bi mbele juu ya pikipiki, mwendo wa konokono, indiketa inawaka ingawa hapakuwa na kona. Sisi nyuma kwa miguu, Mzee Athumani na ndara za mkewe. Stejini walikuwapo wengi, adhuhuri ni saa ya kupumzika. Pikipiki ikasimama katikati yao, na Bi hakushuka. Alimwambia Chengo awashe kulia, watu watazame. Awashe kushoto, watu watazame.

"Nilisema huyu kijana hawashi," akasema. "Alikuwa akiwasha. Nyuma kulikuwa na waya umekatika, na mimi nilivyokaa ndivyo nilivyokuwa nikiuzima. Anayetaka kumwita mtu mwongo na aniite mimi, nipo."

Kisha ikawa zamu yangu. Nimechekesha watu gwaride la asubuhi, nimechekesha watu mbele ya mwalimu mkuu, lakini kusimama mbele ya bodaboda kumi na kusema jambo lisilo na utani ndani, sikuwa nimewahi. Nikasema nilimkagua Chengo vibaya. Nikasema aliniambia ugonjwa ulipo nami nikamcheka. Nikasema ni mimi niliyekosea. Hakuna aliyecheka, na ajabu ni kwamba sikufa.

Kisha kijana mmoja, yule aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote kuuliza umetia nia, akajikuna shingo. Kiti cha pikipiki yake kilirefushwa na fundi yuleyule wa kuchomelea. Viti vya karibu wote vilirefushwa na yeye.

"Bi," akasema, "samahani. Ungenikalia na yangu, tuone?"

Bi Mwanakombo alimtazama kwa muda. Kisha akateremka, akaenda kwenye pikipiki ya kijana, akapanda upande. Na alipomaliza hiyo, palikuwa na foleni.

Siku ile alikalia pikipiki tisa. Mumewe alimfuata na ndara, moja baada ya nyengine. Mama aliandika kwenye boksi la sigara zipi zinataka kuletwa gereji, na zilitimia nne. Aliyechuchumaa nyuma kutazama taa hakuwa mimi, alikuwa Chengo. Hakuna aliyempa kazi hiyo, aliichukua mwenyewe. Ya kwanza kabisa kuzima ilikuwa ya huyo mwenye sauti kubwa. Tiki-tiki ilikwenda mbio, nyuma giza tupu. Wenzake walikwisha kufungua midomo wamuulize kama ametia nia. Kijana alikuwa amekikandamiza kidole kwenye swichi mpaka ukucha umekuwa mweupe, anatazama mbele, anangoja.

Chengo akainuka, akajifuta vumbi magotini.

"Amewasha," akawaambia. "Mimi nimeona, amewasha."